Glavu za sponji laini: za mechi, si za mazoezi

Glavu zenye kiganja cha sponji laini ya lateksi, unene wa milimita 4 hivi, ndizo wanazovaa makipa wa ligi kubwa duniani. Kwa kudaka hazina mpinzani: shuti kali linaganda mkononi badala ya kutemwa miguuni mwa mshambuliaji. Kasoro ya glavu hizi ni uhai mfupi. Kipa wa Ulaya hupewa jozi mpya na kampuni inayomdhamini kila zinapochoka, kwa hiyo zimetengenezwa kwa mtu asiyezinunua. Kipa wetu wa Zanzibar anazinunua kwa pesa ya mfukoni mwake, kisha anaangukia nyasi bandia za viwanja vya Amaan au Gombani, au mchanga mtupu.

Nyasi bandia zinakwangua vibaya. Sponji humeguka kwanza sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo, kwa sababu kipa akishalala huinuka kwa kujisukuma na kiganja. Makocha wa makipa wafundishe watoto kuinuka kwa ngumi. Jozi itadumu zaidi kuliko kwa dawa yoyote.

Ukizikuta sokoni Darajani, mpya au mtumba, usitazame rangi. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikizama kisha ikarudi, nzima. Ikiwa ngumu, inang'aa kama plastiki au ina mipasuko myembamba, imeshakauka, pengine kwa kuning'inizwa juani mlangoni mwa duka, na haifufuki hata uioshe vipi. Ivae: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Ikibana, mishono baina ya vidole inafumuka. Ikipwaya, glavu inazunguka mkononi mpira ukigonga. Zile zenye vijiti vya plastiki vya kukinga vidole, mtoto wa skuli asianzie hizo. Vidole havikunjiki vizuri kuuzunguka mpira, naye bado anajifunza kudaka.

Jozi mpya ioshwe kwa maji ya vuguvugu kabla ya mechi ya kwanza, kuondoa dawa ya kiwandani. Siku ya mechi lowesha kiganja kidogo, sponji kavu haishiki. Ukimaliza, zivae uzioshe kama unayenawa mikono, kwa maji ya bomba na sabuni kidogo isiyo kali. Jiki isiguse kabisa. Usizikamue kwa kuzisokota, utachana gundi na mishono. Zibonyeze tu maji yatoke. Zianike kivulini penye upepo, maana jua la saa saba linaifanya sponji kuwa kama mkate mkavu. Wala usizihifadhi kiganja kwa kiganja: kwa unyevunyevu wa huku zinagandana, na ukizitenganisha sponji inabanduka vipande vipande. Aliyefanya mazoezi ufukweni asuuze siku hiyo hiyo, kwa sababu chumvi na mchanga vikibaki ndani ya sponji vinaitafuna kila anapokunja mkono.

Kwa mechi, tunazipendekeza bila kusita. Kwa mazoezi ya kila jioni ni hasara. Nunua za bei nafuu zenye kiganja kigumu zaidi. Na jozi ya mechi ikianza kumeguka usiitupe. Iteremshe mazoezini, itumike mpaka kitambaa cha chini kitokeze.