Dell PowerEdge T30 ya mtumba kwenye duka la nyavu Mwanga, Kigoma: inafaa, ila ujue hela yako uielekeze wapi

Nianze na hukumu yangu kwa mwenye haraka. Dell PowerEdge T30 ya mtumba ni seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta na simu nyingine, na inatosha kabisa kwa duka, shule au zahanati yenye mfumo wake wa ndani na tovuti ya wateja wa kawaida. Lakini usiiache na diski ngumu iliyokuja nayo, na usiiunganishe kwa waya wa bei ya kutupa. Humu nitaongelea diski na waya kuliko seva yenyewe, kwa sababu huko ndiko kasi yetu ilikokuwa inapotelea.

Natunza mfumo wa duka la jumla la zana za uvuvi hapa Mwanga: nyavu, kamba, maboya, taa za sola, vipuri vya injini za boti. Wavuvi wa Ilagala, Sunuka mpaka Kalya huangalia bei na mzigo uliopo kwenye simu kabla ya kupanda boti kuja mjini. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanahesabu hela na kununua vifaa. Ndiyo maana tovuti yetu inafuata mwezi: siku za giza imetulia, mbalamwezi ikiingia wateja wanakuja kwa mkupuo, na ni siku hizohizo kurasa zilikuwa zinakwama. Mama mwenye duka aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, mvuvi akichoka kusubiri hapo, anampigia jirani."

Kuna fundi alishauri tununue seva mpya yenye prosesa mbili. Kabla hela haijatoka nikafungua amri ya top, inayoonyesha prosesa inafanya nini, kwenye seva ya zamani, saa ya wateja wengi. Prosesa karibu yote ilikuwa imekaa bure. Kilichopanda ni namba ya "wa", yaani muda ambao prosesa inaisubiri diski. Ukiona hivyo, ujue prosesa ya pili nayo itakaa foleni palepale.

Sababu iko ndani ya diski yenyewe. Diski ngumu ya mizunguko 7,200 kwa dakika inatumia milisekunde 8.3 kuzunguka mara moja. Ongeza muda wa kichwa chake kusogea, unakuta inaweza kusoma sehemu tofautitofauti kama mara 80 hadi 100 tu kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa nyavu unaiuliza hifadhidata maswali mengi, na wakifungua watu kumi kwa pamoja foleni imeshaanza. SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka. Hata ya SATA, kiunganishi cha kawaida cha diski, inasoma makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Muuzaji atakusukumia NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, na ni kweli ile ya kiunganishi cha PCIe 3.0 inafika kama megabaiti 3,500 kwa sekunde wakati SATA inaishia kwenye 550. Kwa hifadhidata ya duka kama letu mteja haioni tofauti hiyo. Nilichukua SSD mbili za SATA nikazifunga kwa RAID 1, yaani zote mbili zinabeba data ileile, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi, na hela iliyobaki ikaenda kwenye RAM.

Sasa T30 yenyewe. Ni toleo la 2016, prosesa ya Xeon E3-1225 v5 yenye viini vinne vya GHz 3.3, na nafasi nne za RAM ya DDR4 hadi GB 64. RAM yake ni ya ECC, inayosahihisha kosa la biti moja kabla halijaharibu hesabu za duka. Kwa kazi ya pesa hilo nalithamini kuliko kasi. Tuliipata kwa laki nane na nusu ikiwa na GB 8, nikaifikisha GB 32. Hapa kuwa makini: inataka ECC aina ya UDIMM. Zile RDIMM zilizotolewa kwenye seva kubwa huuzwa rahisi na zinaingia vizuri kwenye nafasi yake, ila mashine haitawaka nazo. Udhaifu wake ni pawa saplai moja tu ya wati 290, tundu moja la mtandao, na diski huwezi kuzibadilisha ikiwa inafanya kazi. Dukani hilo linavumilika. Hospitali ningewaambia watafute nyingine.

Na ukishaongeza RAM, iambie hifadhidata. MariaDB, programu ya hifadhidata yetu, ikiachwa na mpangilio wake wa mwanzo, innodb_buffer_pool_size, yaani RAM inayotengewa data, ni megabaiti 128 tu, hata mashine iwe na GB 32. Niliweka GB 16, na baada ya hapo data yetu yote inasomwa kutoka kwenye RAM. Mstari mmoja kwenye faili. Kama huna hela mwezi huu, anza na huo.

Kwenye mtandao tuliweka rauta ya MikroTik hEX, RB750Gr3, yenye matundu matano ya gigabiti. Rauta ndogo, nzuri, haina kelele. Lakini seva ilikuwa inaunganika kwa megabiti 100 badala ya 1,000. Nikakata ncha ya waya, nikachomoa uzi wa kahawia na kuukwangua kwa wembe. Rangi ya shaba ikatoka kama vumbi, chini yake ni nyeupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, na nyuzi zake hukatika kirahisi ukizikunja. Megabiti 100 zinahitaji jozi mbili za nyuzi, gigabiti inahitaji zote nne. Uzi mmoja wa zile jozi mbili za ziada ukikatika, muunganisho unashushwa daraja kimyakimya. Boksi lilikuwa limeandikwa Cat6, daraja la waya unaofaa gigabiti. Basi nenda dukani na wembe, omba kipande, ukwangue mbele ya muuzaji. Kwa wa shaba tupu tulilipa karibu mara mbili na sijutii, kwa sababu nakala ya usiku sasa inamalizika mapema na mashine za kaunta hazigandi.

Hayo ni ya ndani ya duka. Mvuvi wa Ilagala hanufaiki na waya wetu. Nilipofuatilia njia kwa traceroute, data ya simu iliyoko Ujiji ilikuwa inakwenda Dar es Salaam ndipo irudi Mwanga, kwa kuwa mtandao wa simu na mtoa intaneti wetu wanakutana huko. Reli ya kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Nuru kwenye faiba inakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi si chini ya milisekunde 12, na hapo njia inapitwa mara mbili. Kwa hiyo tovuti ya wateja tumeipangisha Dar, na T30 inaipelekea idadi ya mzigo kila baada ya dakika chache. Ulaya sikutaka: kwa kilomita 10,000 za kebo unalipa milisekunde 100 kila mzunguko wa kwenda na kurudi, na TLS 1.2, ufunguo wa siri wa tovuti, inataka mizunguko miwili juu ya ule wa TCP wa kufungua mawasiliano, kabla mteja hajaomba chochote. Washa TLS 1.3, iliyotoka 2018, inapunguza mmoja.

Kilichowafurahisha wateja zaidi hakikununuliwa popote. Picha za nyavu zilipigwa kwa simu na kupandishwa zilivyo, megabaiti nne kila moja. Nimezishusha chini ya kilobaiti 150, na bando la mvuvi linapona.

UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni lazima, yenye kurekebisha volti. Iweke chini, mbali na dirisha la jua: betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi joto 10 zinazozidi 25, na chumba chetu cha nyuma mchana kinazidi hapo. Unaponunua betri ya kubadilishia, angalia tarehe iliyogongwa pembeni. Iliyokaa rafu muda mrefu bila kuchajiwa imeshaanza kufa.