Gallipoli ya Puglia: Tathmini ya Siku Tatu katika Mji wa Wavuvi

Kwanza, msomaji asiichanganye Gallipoli hii na ile ya Uturuki iliyopata umaarufu kwa mapigano ya mwaka 1915. Majina yote mawili yametokana na neno moja la Kigiriki, Kallipolis, yaani mji mzuri, lakini hii ninayoizungumzia ipo katika jimbo la Puglia, kwenye kisigino cha Italia, ikitazama Bahari ya Ionia upande wa magharibi. Nilikaa huko siku tatu katikati ya mwezi wa Mei, na nimeamua kuandika tathmini hii kwa sababu karibu kila nilichokisoma kabla ya safari kilihusu fukwe na kumbi za muziki, ilhali kilichofidia nauli yangu ni bandari, samaki na mafuta ya zeituni.

Safari ya kufika huko si ngumu, ila ni ya polepole. Uwanja wa ndege ulio karibu ni wa Brindisi. Kutoka hapo unakwenda Lecce, kisha unapanda treni ndogo ya Ferrovie del Sud Est inayokatiza mashamba. Mizeituni mingi utakayoiona dirishani imekauka, imesimama kijivu kama mifupa. Hiyo ni kazi ya bakteria aitwaye Xylella, aliyegunduliwa mwaka 2013 katika viunga vya Gallipoli yenyewe na ambaye tangu hapo ameangamiza mamilioni ya miti katika Puglia. Anayefika kwa gari binafsi aliache upande wa mji mpya, kwa sababu magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia ovyo katika mji mkongwe, na faini yake humfuata mtu hadi nyumbani. Nilipanga chumba cha ghorofa ya chini chenye kuta nene za mawe na dari la kuba, ambacho kilikuwa na ubaridi mzuri mchana kutwa bila mashine yoyote. Sina la kulalamikia hapo, isipokuwa magurudumu ya begi langu, ambayo hayakupatana kabisa na mawe ya vichochoro.

Mji mkongwe umekaa juu ya kisiwa cha mawe ya chokaa, nacho kimeunganishwa na bara kwa daraja la karne ya 17. Kabla ya kulivuka utaikuta Fontana Greca, chemchemi yenye sanamu za kuchongwa ambayo kwa muda mrefu iliaminika kuwa ya Wagiriki wa kale, lakini wataalamu wengi wa leo wanaiona kuwa ya zama za Renaissance. Mwenye haraka anaweza kuipita. Ng'ambo ya daraja unakabiliwa na ngome iliyojengwa na kuongezwa na watawala waliopokezana, wa nasaba ya Anjou kisha ya Aragon. Uso wake umefichwa na jengo la soko, kwa kuwa handaki la ngome lilifukiwa katika karne ya 19 na soko likajengwa hapo hapo. Wageni wengi huliona jambo hilo kuwa kosa la wapangaji wa mji. Mimi naona ni ungamo la kweli: watu wa hapa, walipolazimika kuchagua kati ya mnara na mizani ya kupimia samaki, walichagua mizani. Ndani ya ngome kuna kumbi kubwa ambazo mara nyingi huwekwa maonyesho ya sanaa, na saa moja inatosha.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayekwenda ni kupanga siku yake kwa kufuata saa za mashua. Nilifika gatini saa kumi alasiri, wakati maduka mengi ya mjini yalikuwa bado yamefungwa kwa mapumziko marefu ya mchana, nikakuta mashua za nyavu za kukokota zikiingia moja moja huku shakwe wakizizonga nyuma. Makasha yalishushwa yakiwa na barafu, yamejaa ngisi, pweza, samaki wadogo wa kukaanga na, juu ya yote, kamba wa zambarau ambao wameupa mji huu jina miongoni mwa wapishi wa Italia. Kamba hawa huvuliwa kwenye kina cha mamia ya mita, na rangi yao haielezeki kirahisi: kichwani imekolea kama ganda la biringani, kisha inafifia kuelekea waridi kadiri unavyokaribia mkia. Hawavumilii kukaa. Wakicheleweshwa, kichwa huanza kuwa cheusi, ndiyo maana baadhi ya wauzaji huwatia salfaiti ili kuizuia rangi hiyo, na sheria za Umoja wa Ulaya zinataka dawa hiyo itajwe wazi kwa mnunuzi. Kwa hiyo mtu aangalie kichwa cha kamba kwanza, bei aiulize baadaye.

Wenyeji huwala wabichi, wakiwa wamenyunyiziwa mafuta ya zeituni na ndimu tu. Nakiri kwamba niliwatazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu kabla ya kuonja. Ni watamu, laini sana, na hawana ile shombo niliyoitarajia. Kamba wa sita nilimla nikijuta kwamba ndiye wa mwisho.

Hata hivyo, ni kwenye meza hiyo ya samaki ndipo mgeni anapoweza kuumia. Usiku wa kwanza nilikula katika mkahawa mmoja wa ukingoni mwa bahari, ambao sitautaja jina, nikaona kwenye orodha samaki mzima ameandikiwa euro 7. Niliona ni bei ya ajabu, na kweli ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa nilikuwa sijaliona neno dogo lililofuata tarakimu: etto, yaani gramu 100. Samaki aliyeletwa alikuwa na uzito wa gramu 900. Mhudumu hakunidanganya kwa maneno, lakini hakumleta samaki yule mezani wala hakuniambia uzito wake kabla ya kumpika, na uso wake wakati wa hesabu ulionyesha kwamba sikuwa mtu wa kwanza kushtuka. Euro 63 kwa samaki mmoja, tena aliyekaushwa motoni kupita kiasi, ni ada kubwa kwa somo la vipimo. Mgeni aombe samaki aletwe na apimwe mbele yake. Ni ombi la kawaida na hakuna mwenye mkahawa mwaminifu atakayekasirika. Ajue pia kwamba coperto, ada ndogo ya kila anayeketi mezani, ni desturi ya nchi nzima na si wizi, na kwamba alama ya nyota pembeni mwa jina la chakula kwa kawaida humaanisha kuwa kilitoka kwenye barafu. Isitoshe, kila mwaka serikali husimamisha uvuvi wa nyavu za kukokota kwa wiki kadhaa ili samaki wapate kuzaliana, na tarehe hutofautiana kati ya pwani na pwani. Katika wiki hizo, mkahawa unaokuapia kwamba kila kitu kimeingia asubuhi ya leo unastahili kuulizwa swali la pili.

Usiku wa pili nililipa euro 15 katika kijumba cha meza sita, nikaletewa sahani ya samaki wadogo na ngisi waliokaangwa hadi mifupa ikatafunika. Huo ndio mlo ninaoukumbuka.

Chakula cha mji huu ambacho hakipatikani kwa urahisi kwingineko ni scapece. Samaki wadogo hukaangwa, kisha hupangwa ndani ya mapipa mafupi ya mbao kwa matabaka, tabaka la samaki na tabaka la chembe za mkate zilizolowekwa katika siki na zafarani, mpaka pipa lote linakuwa na rangi ya manjano kali. Kilikuwa chakula cha kuweka akiba, na simulizi za mji zinakihusisha na nyakati za kuzingirwa na maadui, watu walipolazimika kula walichokihifadhi. Jina lake linahusishwa na sikbaj, neno la Kiajemi lililopita kwa Waarabu likafika Ulaya, na sikio la Mswahili halitakosa kuisikia siki humo ndani. Ladha yake ni kali, na harufu yake huenda mbele ya muuzaji. Sikuipenda siku ya kwanza. Siku ya tatu nilinunua kikopo cha pili.

Sehemu iliyonishangaza zaidi haipo baharini bali chini ya ardhi. Katika barabara ya Antonietta de Pace, mzaliwa wa mji huu aliyeshiriki harakati za kuiunganisha Italia katika karne ya 19, kuna jumba la Granafei, na chini yake kuna kinu cha kukamulia zeituni kilichochimbwa ndani ya mwamba. Unashuka ngazi na kukuta jiwe kubwa la kusagia, mashinikizo ya mbao na vyumba walimolala wafanyakazi pamoja na mnyama aliyezungusha jiwe. Mafuta yaliyotoka humu hayakukusudiwa hasa kuliwa; yalikuwa mafuta ya taa za utambi, na katika karne za 17 na 18 Gallipoli ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za Ulaya za kuyasafirisha, yakawasha taa za miji ya mbali kama London. Mwamba wenyewe ulisaidia: mafuta yalihifadhiwa katika visima vilivyochongwa ndani yake, yakatulia na kuwa safi kabla ya kumiminwa katika mapipa. Gesi na mafuta ya petroli ndiyo yaliyoimaliza biashara hiyo katika karne ya 19.

Kilichonigusa ni jina la msimamizi wa kinu. Aliitwa nachiro, na asili yake ni neno la Kigiriki la nahodha. Kazi ya vinu ilikuwa ya miezi ya baridi, wakati bahari inachafuka, na mabaharia walishuka chini ya ardhi wakabaki humo kwa miezi wakifanya kazi usiku na mchana chini ya mtu waliyemwita kwa cheo cha chomboni. Kwa maneno mengine, kinu kilikuwa mashua iliyozikwa. Mwongoza wageni alilitaja jambo hili kwa sentensi moja na kuendelea na vipimo vya jiwe. Laiti angeligeuza, vipimo vikawa sentensi moja na mabaharia wakapewa dakika tano. Hata hivyo, kwa ada ndogo ya kuingia, hapa ni mahali pa kwanza ninapopapendekeza.

Makanisa ni mengi kupita ukubwa wa kisiwa, na sababu yake ni hiyo hiyo ya bandari: vyama vya mafundi na wafanyakazi vilijijengea makanisa yao, mengi yakiwa ukingoni mwa ukuta yakitazama maji. Kanisa la Purità, la karne ya 17, lilikuwa la wapagazi wa bandarini. Kwa nje ni jeupe na la kawaida, ndani limejaa michoro kutoka ukutani hadi darini, kana kwamba wabeba mizigo waliamua kuonyesha mara moja tu walichokuwa nacho. La Crocifisso lilikuwa la mafundi wa mapipa. Kanisa kuu la Sant'Agata, lililoanza kujengwa mwaka 1629, lina uso wa mawe uliochongwa kwa wingi wa mapambo, lakini limebanwa na nyumba kiasi kwamba huwezi kurudi nyuma vya kutosha kulitazama. Mtu anaishia kuumia shingo. Michoro ya ndani ya Giovanni Andrea Coppola, mtoto wa mji huu, inafaa kuonwa asubuhi mwanga ukiwa mzuri.

Kuhusu ufuo, ule mdogo wa Purità ulio chini ya ukuta wa mji unatosha kwa kuogelea jioni, na hapo jua huzama mbele yako baharini. Fukwe ndefu za mchanga zipo kusini mwa mji, nje ya kisiwa, na ndizo zinazowaleta vijana kwa maelfu mwezi wa Agosti. Nisingeshauri mtu yeyote anayetafuta mji wa wavuvi aende mwezi huo, kwa kuwa vichochoro havipitiki, bei hupanda na muziki hukesha. Mei, Juni ya mwanzo na Septemba ndizo nyakati zake. Mwisho wa Julai, kuanzia tarehe 23, kuna sikukuu ya Mtakatifu Kristina, ambayo ibada yake hapa ilipata nguvu baada ya kipindupindu cha mwaka 1867. Anayependa maandamano na taa atavumilia msongamano.

Nikipewa nyota tano nigawe, mji ungepata nne, na ile iliyobaki ningeizuia kwa ajili ya mikahawa ya ukingoni na saa za kufungua ambazo hazikubandikwa popote. Asubuhi ya kuondoka nilipita tena gatini. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya kasha lililopinduliwa akisuka dema kwa nyasi ngumu za mabwawani, amebana mwanzo wake kati ya magoti. Nilimsalimu kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza na kumuuliza kama anasuka kwa ajili ya kuwauzia watalii. Alinionyesha rundo mbili, moja ya madema madogo mazuri yaliyong'aa na nyingine ya makubwa yenye mafundo mabaya, akaniambia kwamba madogo ni ya watalii, na haya makubwa ni ya pweza.