Clonezilla: bakapu ya diski nzima kwa bure, mradi usome skrini

Kuburuta mafaili kwenda diski ya nje si kubakapu kompyuta. Diski ya ndani ikifa, picha zitabaki, ila Windows, programu na mipangilio yote ni kuanza moja. Clonezilla, programu huria ya bure kutoka Taiwan, inabeba vyote kwa mkupuo. Haifanyi kazi ndani ya Windows: unaiandika kwenye flashi (GB 1 inatosha), unawasha kompyuta kutoka flashini, na diski inanakiliwa ikiwa haitumiki.

Kwa bakapu chagua device-image, inayohifadhi diski kama imeji (nakala yake ndani ya mafaili), kisha savedisk. Ile device-device ni ya kuhamia diski mpya, mfano kutoka HDD (diski ya kuzunguka) kwenda SSD (isiyozunguka). Savedisk huchukua sehemu zenye data tu na kuzibana, kwa hiyo diski ya GB 500 yenye data ya GB 120 haikulazimishi kununua ya nje ya GB 500. Angalia tundu unalochomeka: USB 2.0 hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, yaani GB 100 ni dakika 48 hivi. Kwa USB 3.0 na diski ya nje ya kuzunguka, robo saa na kidogo.

Linalokwamisha wengi ni Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka. Unabonyeza kuzima, kumbe mfumo umelala tu, na Clonezilla ikikuta NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) iko katika hali hiyo inagoma. Fungua Command Prompt, andika shutdown /s /t 0, ndipo uwashe na flashi. BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, nayo: data iliyosimbwa haioneshi sehemu ipi ina kitu na ipi haina, basi inanakiliwa sekta kwa sekta, na kubana hakusaidii. GB 500 zinabaki karibu GB 500. Zima BitLocker kwanza, usubiri imalize kufungua diski yote.

Skrini ni maandishi matupu, hakuna kipanya cha kukuokoa. Diski zinaitwa sda, sdb, nvme0n1; usizitambue kwa herufi, soma ukubwa na modeli iliyoandikwa pembeni. Wakati wa restoredisk, yaani kurejesha imeji kwenye diski, inakuuliza uthibitishe kwa y zaidi ya mara moja, na hapo ndipo watu hubonyeza kwa mazoea na kufuta diski yenye data. Ukifika swali la kukagua imeji baada ya kuhifadhi, kubali. Dakika zinaongezeka, lakini imeji usiyoikagua ni kamari.

Kurejesha kuna sharti: diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. SSD ya GB 480 haipokei imeji ya diski ya GB 500, hata data ikiwa GB 60. Ikiwa ni kubwa zaidi, chagua -k1 ili patisheni (migawanyo ya diski) zitanuke kwa uwiano.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kila bakapu ni nzima, haiongezi mabadiliko tu, na kuchomoa faili moja kutoka kwenye imeji ni kazi. Asiyependa skrini nyeusi achukue Rescuezilla: inasoma imeji zilezile, ina madirisha na kipanya, na inaweza kufungua imeji utoe faili unalotaka. Kwa bakapu ya kila siku ndani ya Windows, Veeam Agent ya bure inafaa zaidi.

Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianzishie kazi hii siku umeme unapokatika-katika.