Replens kwa ukavu ukeni: jeli nzuri inayonunuliwa kwa sababu isiyo yake

Mara nyingi Replens hufunguliwa dakika chache kabla ya tendo la ndoa, na kesho yake lawama huanza: haisaidii kitu. Jeli hiyo haijakosea. Yenyewe ni ya kutunza unyevu, wala si kilainishi. Kilainishi hupunguza msuguano wakati wa tendo, na kazi yake huishia hapo. Replens huenda polepole: kiambato chake kikuu, polikabofili, hubeba maji, hunata kwenye ukuta wa uke na kuuachia unyevu kidogo kidogo kwa siku mbili tatu. Ndiyo maana hutumiwa kila baada ya siku 3, tendo liwepo au lisiwepo. Wenye maumivu wakati wa tendo bado watahitaji kilainishi siku hiyo, na kutumia vyote viwili hakuna ubaya.

Kwa vibomba vya kuingizia vilivyokwisha kujazwa jeli: nawa mikono, shika upande mnene, kung'uta ili jeli ishukie upande mwembamba, kisha zungusha kifuniko kikatike. Lala chali, kunja magoti, ingiza upande mwembamba taratibu na uminye ule mnene. Jeli kidogo itabaki ndani ya kibomba. Usihangaike nayo, ndivyo kilivyotengenezwa. Ukiiweka wakati wa kulala, itavuja kidogo kuliko ukiiweka asubuhi na kuanza kutembea.

Siku za mwanzo huweza kutoka vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Watu wengi hudhani ni fangasi na kukimbilia dawa. Kwa kawaida ni mabaki ya jeli yaliyochanganyika na seli zilizokufa, na hupungua kadiri matumizi yanavyoendelea. Vikifuatana na muwasho mkali, uwekundu au harufu mbaya, hapo ndipo pa kupimwa.

Kasoro yake kubwa ni kuchoma. Jeli hii ina asidi ya kutosha (pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni karibu 3) pamoja na gliserini, na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba huvihisi vyote. Gliserini na propilini glikoli zikiwa nyingi huvuta maji kutoka kwenye seli, yaani jeli iliyonunuliwa kuondoa ukavu huweza kuishia kukausha. Kwa vilainishi, ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 ni pH ya karibu 4.5 na osmolaliti (kipimo cha nguvu ya jeli ya kuvuta maji) isiyozidi 1200, ikiwezekana chini ya 380. Bahati mbaya watengenezaji wengi hawaiandiki osmolaliti kwenye boksi, kwa hiyo angalia mpangilio wa viambato: gliserini ikifuata maji moja kwa moja, jaribu kiasi kidogo kwenye mlango wa uke kwanza na usubiri siku nzima.

Replens ina mafuta ya madini pia, na mafuta hudhoofisha kondomu za lateksi. Anayetegemea kondomu hizo achague jeli ya maji isiyo na mafuta yoyote. Vilainishi vya silikoni havina tatizo hilo na hudumu kuliko vya maji, ila huharibu vifaa vya ngono vilivyotengenezwa kwa silikoni.

Je, jina hili linastahili kulipiwa zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 nchini Marekani uliwagawa wanawake 302 waliokoma hedhi katika makundi matatu: vidonge vya estrojeni (homoni ya kike) vya kuweka ukeni pamoja na jeli ya kawaida, Replens pamoja na vidonge visivyo na dawa, na jeli ya kawaida pamoja na vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 12 makundi yote yalipata nafuu inayokaribiana kwenye dalili iliyowasumbua zaidi. Kwa maoni yetu, kinachosaidia hapa ni kupaka jeli bila kuruka zamu. Jeli rahisi isiyochoma, ikitumiwa kwa ratiba ileile, inatosha kuanzia.

Ikipita miezi mitatu bila nafuu, zungumza na daktari kuhusu estrojeni ya ukeni. Vidonge vya mikrogramu 10 huwekwa kimoja kila siku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asivianze kabla daktari wake wa saratani hajaridhia. Hakikisha pia chanzo hakijakaa kwenye kabati la dawa: dawa za mzio na zile za kushusha estrojeni hukausha, na sabuni au kujisafisha ndani ya uke huzidisha. Anayenyonyesha naye hupata ukavu huu kwa sababu estrojeni imeshuka, na mara nyingi hali hurudi sawa anapoacha kunyonyesha.

Damu yoyote baada ya hedhi kukoma haitibiwi kwa jeli. Nenda ukapimwe kwanza, hata kama ni tone moja.