J.J. Watt na Aaron Donald: nani alikuwa mlinzi bora zaidi?
Katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani (American football), Watt na Donald walitwaa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka mara 3 kila mmoja. Watt aliwaangusha warushaji wa mpira wa timu pinzani mara 114.5 (nusu hutokana na wawili kumwangusha mmoja kwa pamoja) dhidi ya 111 za mwenzake, lakini majeraha ya mgongo na mguu yalimkatiza Watt misimu ya 2016 na 2017, naye akastaafu bila ubingwa. Mimi nampa Donald nafasi ya kwanza, kwa kuwa alishambulia kupitia katikati, ambako wapinzani wawili humkabili mtu mmoja. Februari 2022, fainali ikiwa ukingoni, alimshika Joe Burrow, mrushaji wa wapinzani, akamzungusha hadi mpira ukamtoka ovyo, na timu yake, Rams, ikawa bingwa.