Filamu ya Ziggy Stardust: giza linalowagombanisha mashabiki

Anayenunua filamu hii akitarajia picha inayong'aa kama ya tamasha la mwaka jana atataka arudishiwe hela kabla David Bowie, mwimbaji Mwingereza aliyejivika sura ya mwanamuziki wa kubuni aitwaye Ziggy Stardust, hajafika wimbo wa tatu. Picha ni nyeusi, inakuwa nyekundu, inarudi kuwa nyeusi. Uso wa mwimbaji unaelea gizani, mweupe kama kinyago, na mara nyingine ndicho kitu pekee kinachoonekana kwenye kioo kizima. Ndiyo maana mashabiki wa David Bowie hawajapata kuafikiana juu yake. Wapo wanaoitunza kama hirizi, na wapo wanaosema ni usiku mkubwa uliopigwa picha ovyo. Hao wa pili hawasemi uongo. Ila wengi wao wanamtupia lawama asiyestahili, na kasoro iliyo kubwa kuliko zote wanaipita bila kuiona.

Onyesho lenyewe ni la tarehe 3 Julai 1973 katika ukumbi wa Hammersmith Odeon, London. Lilikuwa la kufunga ziara, na kabla ya wimbo wa mwisho Bowie aliwaambia watu kwamba si la mwisho katika ziara tu, ni la mwisho kabisa watakalofanya. Trevor Bolder wa besi na Woody Woodmansey wa dramu walisikia habari hiyo palepale jukwaani, sawa na mtu aliyelipa kiingilio. Mpiga filamu ni D. A. Pennebaker, Mmarekani aliyekuwa tayari na jina kwa filamu yake ya Bob Dylan na ile ya tamasha la Monterey. Kampuni ya santuri ya RCA ilimwita apige kama nusu saa tu, ya kujaribia teknolojia ya diski za video. Akaliona onyesho la usiku uliotangulia, akaamua kulipiga lote.

Kwa hiyo taa za usiku ule hazikupangwa kwa ajili ya kamera. Zilipangwa kwa macho ya watu waliokaa ukumbini, na jicho la binadamu huzoea giza kwa namna ambayo mkanda wa filamu hauwezi. Mkanda uliotumika ni wa milimita 16. Fremu yake moja, kwa eneo, haifiki robo ya fremu ya milimita 35. Ikikuzwa mpaka ijaze kioo, punje za kemikali nazo zinakua, na ndizo hizo chenga unazoziona zikichemka kwenye sehemu nyeusi. Mwanga ukiwa hafifu, mpiga kamera hana njia nyingi. Anaweza kuifungua lenzi mpaka mwisho, na hapo sehemu inayoonekana kwa ukali inakuwa nyembamba mno: mwimbaji akisogea hatua moja mbele, uso wake unaingia ukungu. Au mkanda unaachwa kwenye dawa ya kusafishia kwa muda mrefu kuliko kawaida, picha inapata mwanga, lakini chenga zinaongezeka na weusi unageuka kijivu. Lazima ukubali hasara moja, kama si zote mbili.

Nyekundu ndiyo mbaya zaidi, na sababu yake haielezwi mara nyingi. Mkanda wa rangi una tabaka tatu: la juu hupokea buluu, la kati kijani, la chini kabisa nyekundu. Taa za jukwaani zikiwa nyekundu tupu, tabaka mbili za juu hazipati kitu. Kazi yote inaachiwa lile la chini, nalo mwanga unalifikia ukiwa umeshatawanyika kwa kupenya yale mawili. Kinachobaki ni uso usio na mikunjo wala kivuli cha pua, kama umefinyangwa kwa nta. Hakuna usafishaji wa kompyuta unaoweza kurudisha kitu ambacho mkanda haukukiandika. Anayeona toleo limetangazwa kuwa la 4K akadhani nyekundu hizo zimepona, ajue 4K hapo ni kipimo cha skani, yaani wingi wa nukta ambazo kompyuta imetumia kuunakili mkanda. Skani nzuri inaonyesha chenga vizuri zaidi. Haiziondoi, na si kazi yake.

Pennebaker alilijua tatizo. Watazamaji walihimizwa waje na kamera zenye flashi na wazitumie bila kubana. Ndiyo asili ya ile miale myeupe inayopasuka kila mara kutoka vitini, ambayo baadhi ya mashabiki hudhani ni mkanda ulioharibika. Kila mmweko unashika fremu moja au mbili kati ya 24 za kila sekunde, na kwa kitambo hicho jukwaa lote linajitokeza, mpaka nyaya za sakafuni.

Kuna jambo jingine la mkanda wa filamu linaloeleza mkato wa ajabu hapa na pale. Kasha la futi 400 la milimita 16 linakwisha kwa dakika 11 hivi. Mpiga kamera lazima alitoe, aweke jipya, akague kama mkanda umekaa sawa kwenye meno, ndipo aendelee. Bendi haimsubiri. Ukiona mhariri anang'ang'ania pembe moja kwa muda mrefu, au anakimbilia uso wa msichana anayelia katikati ya solo, usidhani kila mara ni uamuzi wa kisanaa. Huenda hakuwa na kingine cha kuweka.

Sasa hiyo kasoro yenyewe. Filamu inaitwa kwa jina la Ziggy na bendi yake, lakini bendi imefichwa. Mick Ronson, mpiga gitaa, ananusurika kwa sababu haiwezekani kumkwepa. Bolder na Woodmansey wanapata vipande. Mike Garson, ambaye piano yake katika wimbo wa Time ndiyo inayoubeba, anaonekana kwa nadra mno, na wapuliza saksafoni ni kama hawakufika ukumbini. Hili giza halilielezi lote. Pennebaker alikuwa mtu wa nyuso, na alimfuata Bowie kama alivyomfuata Dylan: kidevu, jicho, jasho, mkono unaoshika kipaza sauti. Anayetaka kujifunza jinsi bendi ile ilivyopiga nyimbo zake atatoka na njaa. Anayetaka kuona mtu akiivua sura aliyoivaa mwaka mzima na zaidi hatapata pengine popote ukaribu kama huu.

Mfano mzuri ni My Death, wimbo wa Jacques Brel wa Ubelgiji, ambao Bowie anaupiga karibu peke yake na gitaa kavu. Kamera imekaza usoni na haiondoki. Kuelekea mwisho maneno yanafika mahali panapodai neno moja la kufungia, naye ananyamaza. Ukumbi unamwitia: mimi! Wanapaza sauti wengi kwa pamoja, bila mpangilio. Yeye haimbi lile neno. Anasema asante, basi. Ungepigwa kwa kamera kumi na taa za televisheni, mhariri angekatia kwa umati palepale, na kile kitetemeko kidogo cha mdomo kingepotea. Ukifika hapo usiongeze mwanga wa luninga.

Na kwa kuwa luninga zimetajwa: malalamiko mengi kuhusu toleo jipya la filamu hii, la mwaka 2023, yanatokana na mipangilio ya kioo, diski haina kosa. Zima kwanza ule mpangilio wa kulainisha mwendo, ambao kila kampuni imeupa jina lake. Unabuni fremu za katikati, na ukikutana na mmweko wa flashi wa fremu moja unauchanganya na jirani zake, unabaki na mzimu wa kijivu. Zima pia kupunguza chenga, kwa sababu mashine haiwezi kutofautisha chenga na vumbi linalong'aa kwenye ngozi ya Bowie, itafuta vyote. Ukali wa picha ushushe mpaka chini, au mpaka ile mistari myeupe inayozunguka mabega ipotee. Chagua hali ya filamu badala ya ile ya michezo. Kisha funga mapazia. Weusi wa filamu hii haustahimili dirisha lililo wazi.

Umbo la picha ni 4 kwa 3, kwa hiyo mistari myeusi ya pembeni ni halali yake. Ukivuta picha ijae kioo unakata juu na chini, na Pennebaker alikuwa hodari wa kubana kichwa hadi ukingoni. Nywele zile nyekundu zitakatwa. Kwa filamu hii hiyo ni dhambi.

Sauti ina historia yake ya ugomvi. Filamu ilipofika kwenye majumba ya sinema mwaka 1983 iliandamana na santuri mbili, na kwenye santuri hizo wimbo wa The Width of a Circle ulipunguzwa sana. Mwaka 2003 Tony Visconti, mtayarishaji wa muziki, alichanganya upya sauti yote, na wimbo huo ukarudishiwa urefu wake, zaidi ya dakika 15. Tangu hapo kuna kambi mbili. Wanaopenda mchanganyiko wa zamani wanasema una ukumbi ndani yake: makelele, mwangwi, matope ya besi. Wanaopenda mpya wanasema hatimaye wanamsikia Bolder. Wa pili ndio wenye hoja. Matope yana utamu wake, lakini mistari ya Bolder inapanda na kushuka kama wimbo wa pili chini ya wimbo, na kuizika ni hasara.

Kuhusu 5.1, ile sauti ya kuzunguka ya spika tano na moja ya besi: itumie kama una spika tano kweli na umezipanga kwa umbali unaolingana. Mashine ikilazimika kuzikunja njia sita kuingia spika mbili za luninga, shangwe za watu zilizowekwa spika za nyuma zinasukumwa mbele na kumpanda mwimbaji mgongoni. Mwenye spika mbili achague stirio kwenye menyu kabla ya kuanza. Ni kubonyeza mara moja tu kwenye rimoti, na nusu ya manung'uniko kwamba sauti ya Bowie iko mbali yangeisha hapo.

Jipya kubwa la 2023, lililoonyeshwa sinemani tarehe 3 Julai, miaka 50 kamili, ni mpiga gitaa Mwingereza Jeff Beck. Alipanda jukwaani usiku ule kupiga The Jean Genie, ambayo ndani yake Bowie anachomekea Love Me Do ya Beatles kwa harmonika, kisha Round and Round ya Chuck Berry. Beck hakutaka kuwemo, akakatwa, na kwa miongo mingi filamu ilikuwa na pengo ambalo kila shabiki alilijua. Sasa amerudi. Wapo wanaosema vipande hivyo vinaivunja filamu, kwamba baada ya ukali wa White Light/White Heat vinageuka kuwa mazoezi ya marafiki. Kiasi ni kweli, Round and Round imelegea. Lakini mtazame Ronson. Beck alikuwa shujaa wake, na mpiga gitaa aliyetawala jukwaa saa nzima anasogea pembeni kumpisha mgeni, uso wote kicheko. Beck alifariki tarehe 10 Januari 2023, tarehe na mwezi uleule aliofariki Bowie mwaka 2016.

Vipande vya chumba cha kuvalia vinawakera wengine: Angie Bowie, mkewe Bowie wakati ule, anaingia, Ringo Starr wa Beatles yupo, vipodozi vinapakwa, na wimbo umesimama. Vingeweza kuwa vifupi. Kile cha katikati ya The Width of a Circle kina kazi, kwa sababu solo ndefu ya Ronson ilikuwapo ili Bowie apate dakika za kubadili nguo, na bila kukiona utadhani Ronson anajitanua tu. Nguo za Kansai Yamamoto, mbunifu wa mavazi wa Japani, hazivaliwi kwa haraka.

Kwa anayenunua: mwenye DVD ya 2003 ana filamu nzuri na sauti nzuri, isipokuwa hana Beck na picha ni laini zaidi. Kama kioo chako ni kidogo, au unatazama kwa ajili ya nyimbo, huna sababu ya haraka ya kununua tena. Mwenye kioo kikubwa, au anayemtaka Beck, achukue seti ya 2023 yenye Blu-ray na CD mbili, na asisahau kwamba Blu-ray hiyo inahitaji mashine yake. Ya DVD haitaisoma. Anayeanza kabisa kumjua Bowie asianzie hapa. Azisikilize kwanza albamu za studio za miaka ile, azijue nyimbo, kwa sababu filamu haimwelezi mtu chochote: haina jina la wimbo kwenye kioo, haina mahojiano ya maana, na inamwingiza mtazamaji gizani na muziki wa Beethoven bila hata kumkaribisha.

Zile CD mbili za seti nazo zisiachwe kwenye kasha. Usiku mmoja weka The Width of a Circle kwenye hedifoni, bila picha. Dramu za Woodmansey, ambazo kamera ilizipa sekunde chache, ziko pale zote, mpaka sahani inayogongwa kidogo nyuma ya mdundo gitaa linapoanza kupoteza njia.