Jamaa aliyenichorea ramani ya nyumba: kazi nzuri, ila simu hapokei

Kiwanja changu kipo Kibaha, 20 kwa 30, na ramani ya vyumba 3 nilishaitoa mtandaoni nikaona imeisha hiyo, mchoraji kazi yake ni kuiweka vizuri tu nikaombee kibali. Jamaa kaiangalia afu akaniuliza, miaka 20 ijayo humu atakuwa anaishi nani? Nikacheka, si mimi. Akasema sawa, na mama je?

Tukaenda saiti, akamwaga chokaa chini kuchora korido kama ilivyo kwenye ile ramani yangu, sm 90, akamwomba mama apite na mkongojo wake afu ageuke kama anaingia chooni. Mkongojo ukarudi na chokaa. Jamaa wala hakuongea, akaandika mita 1.2, na milango yote mpaka ya choo akaiweka sm 90. Msingi wetu unanyanyuka sm 45, akanambia mteremko wa wilchea kila sm 1 ya kupanda inataka sm 12 za kwenda, yani mita 5 na ushee, ukisubiri mpaka mtu augue unakuta hapo ushamwaga zege la pakingi.

Mi nilitaka watoto waje wapandishe ghorofa, akasema hilo la injinia, na nguzo na nondo zake zinaanza kwenye msingi sasa hivi sio baadaye. Nilivyopigiwa hesabu nikanyamaza. Badala yake chumba cha mama kina choo chake, mlango wake wa nje na sehemu ya kuja kufunga LUKU yake (mita ya umeme), mbeleni akae mpangaji au mwanangu na mkewe. Na pembeni kaacha mita 4 gari la majitaka lifike shimoni (jirani yangu mpira wa kunyonya unapitia sebuleni, wageni wapo wamekaa).

Sasa kero. Kaahidi wiki 2, nimepata wiki ya 6, ukimpigia hapokei, ukimkuta eti alikuwa saiti. Ramani ya umeme kumbe haikuwemo kwenye bei, nimejua siku fundi umeme anaiulizia. Na sebule kaibana, kochi la L halikai, wife mpaka leo kanuna.

Ukimpa kazi muandikishane vitu gani vimo, na mpe nusu kwanza. Mi nilimlipa yote siku ya kwanza.